Kufuli la Njano Kwenye Swichi ya Winchi

Jumanne, 6 Mei

Leo tena nimeshindwa. Daktari anayetufundisha mashine za umeme aliniita mbele nipime volti kwenye mota. Nikashika zile sindano mbili za mita, nikazisogeza, na mkono ukagoma. Haukutetemeka hata kidogo. Ulisimama hewani tu, kama si wangu. Mwishowe Msumari akaja akanipokea mita, akapima yeye, akasoma namba kwa sauti, mimi nikaandika.

Msumari ni mwenzangu wa mradi tangu mwaka wa kwanza — mrefu, mwembamba, kichwa kidogo, jina limemkaa. Yeye naye ndiye aliyenibatiza Kunguru. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, anasema. Nami nacheka naye, nifanyeje.

Zamani sikuwa hivi. Ni ile kapasita ya muhula uliopita, kile kikopo cha kutunzia chaji. Swichi imezimwa, plagi imechomolewa, kila kitu kimekufa — nikaigusa, ikanirusha hadi kwenye viti vya nyuma. Kumbe ilikuwa imebaki na chaji tumboni. Kitu kilichozimwa kiliniuma! Tangu hapo siamini neno "kimezimwa". Nikienda nyumbani hata pasi ya mama naizunguka kwa mbali. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndio kwanza niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo na umeme. Ung'ongo mtupu, kila chumba ninachoingia.

Ijumaa, 9 Mei

Daktari kaniita ofisini kwake. Hakunifokea, na hilo ndilo limenitia hofu zaidi. Anajua kwamba Msumari ananipimia. Upande wa mitambo niko vizuri, kasema, michoro yangu anawaonyesha hata wa mwaka wa nne, lakini shahada ni moja, haina upande. Maonyesho ya winchi yetu, mashine ya kunyanyulia mizigo tunayoijenga mimi na Msumari, tarehe ishirini ndiyo mtihani wangu wa vitendo. Nikikwepa tena, atapendekeza nihamishiwe kozi nyingine. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo, Daktari. Sauti ilitoka ya mtoto wa chekechea.

Kozi nyingine. Nitamwambia nini mama? Kila likizo majirani wanajaa uani na redio zilizokufa na majiko ya umeme yaliyoungua, na mama anawapokea kwa furaha, anawaambia waviache tu hapo, injinia anakuja. Injinia anakuja, kisha anamwomba mdogo wake amchomolee plagi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeongea na mama. Cherehani ilikuwa inalia nyuma, mama hajui kuongea na simu bila kushona. Nilitaka kumwambia yote. Nikaishia kumuuliza kama hajawahi kuiogopa sindano. Kasema imeshamtoboa mara nyingi, anaiogopa mpaka leo, ndiyo maana vidole bado anavyo vyote. Halafu akauliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula. Sijala tangu jana mchana.

Jumatano, 14 Mei

Winchi imekamilika. Iko juu kwenye boriti ya chuma katikati ya karakana: mota, giaboksi, ngoma ya kuviringishia kamba ya chuma, na ndoano chini yake. Kidude cha vitufe viwili kinaning'inia kwa waya — Juu na Chini. Mitambo ni yangu, umeme ni wa Msumari. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni swichi ya kikomo. Ndoano ikipanda kupita kiasi inaisukuma, nayo inakata umeme wa Juu. Tak, inasimama. Tumeijaribu hadi Msumari akachoka. Mimi sikuchoka.

Tena leo fundi wa karakana katusomea sheria yake ya kufuli. Tunaijua kwa moyo lakini lazima aisome. Kila mwanafunzi ana kufuli lake na rangi yake, langu la njano. Ukitaka kuingiza mkono kwenye mashine, zima swichi yake kuu, ifunge kwa kufuli lako, ufunguo tia mfukoni. Hakuna mwingine wa kulifungua, hata awe Mkuu wa Kitivo. Na aliyefunga ndiye anayepima kabla ya kufungua. Msumari anasema fundi huyu hata sufuria ya mchuzi nyumbani kwake ina kufuli. Wenzangu wengi hulisahau kufuli kabatini. Mimi hufunga hata nikiwa nafagia chini ya mashine. Wanacheka. Wacheke.

Ijumaa, 16 Mei

Nusu ya karakana haina umeme. Mafundi wa chuo wamechimba mtaro nje, wanabadilisha kebo iliyoungua, ile inayoleta umeme upande wetu.

Jana jioni, kabla haujakatika, Msumari aliipandisha injini ya lori dogo ikabaki inaning'inia juu kabisa, shibiri moja tu kutoka kwenye kikomo. Anataka Jumanne Mkuu wa Kitivo abonyeze Chini mara moja, injini ishuke taratibu mpaka mezani, wageni wapige makofi. Fundi kanung'unika weee, kisha kaitia mnyororo wa kuishikilia na kuzungusha kamba chini watu wasipite. Mimi napita kwa kuambaa ukuta. Naisikia ile injini hata nisipoitazama.

Jumatatu, 19 Mei

Umeme umerudi, na karakana imepata upepo! Ile feni kubwa ya ukutani, ambayo siku zote hatukuwahi kuhisi faida yake, leo inatupuliza mpaka raha. Msumari ana mchezo wake wa kubandika karatasi kwenye wavu wa feni, inanata hapo hapo bila gundi. Leo kabandika, karatasi ikamrukia usoni. Tukacheka wote. Kasema mafundi wa chuo safari hii wamefanya kazi, wametufanyia servisi na feni.

Nilitaka tuijaribu winchi. Msumari hakutaka. Mnyororo bado umefungwa, na kitu kimeshajaribiwa Alhamisi, kijaribiwe mara ngapi? Mnyororo utatolewa kesho asubuhi, mambo yaanze. Mtu anayeogopa kila siku, nani atamsikiliza siku moja?

Jioni hiyo hiyo

Nilikuwa nafua koti la karakana. Maji yametoka mekundu. Vumbi la mtaro, la nje. Nikajiuliza limeingiaje, madirisha ya karakana hayafunguki. Halafu nikaacha koti majini nikakaa chini palepale bafuni.

Feni ile haikuwekwa itupulizie. Iliwekwa ivute hewa chafu itoe nje. Haijafanyiwa servisi yoyote. Inazunguka kinyume.

Mota ya fezi tatu ina nyaya tatu. Badilishana mbili, yoyote mbili, nayo inageuza mzunguko. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakujibu hilo akiwa usingizini. Wameunga kebo mpya, wamebadilishana nyaya mbili, na winchi yetu inakula kwenye kebo hiyo hiyo. Basi kesho ukibonyeza Chini, itapanda.

Na swichi ya kikomo — Mungu wangu — inakata umeme wa Juu tu! Mtu akibonyeza Chini na injini ikapanda, kikomo kitasukumwa na hakitakata chochote. Ni shibiri moja tu. Kabla Mkuu wa Kitivo hajashangaa na kuachia kitufe, ndoano itakuwa imegonga ngoma na kamba imekatika. Chini yake meza, na kuzunguka meza watu.

Nimempigia Msumari. Hakunicheka vibaya. Kasema labda wale mafundi waliifungua feni yenyewe wakaikosea nyaya, winchi haihusiki. Kasema, Kunguru, lala, kesho una mtihani, mwenye mtihani haoni mti, anaona jini.

Na inawezekana. Hilo ndilo linalonitesa. Inawezekana kabisa ni feni peke yake. Hakuna mashine nyingine ya kulinganisha, zilizobaki zote zinatumia kebo ya jengo la pili. Nimechora saketi mara tatu, na kila mara inanipa jibu lile lile. Lakini mkono uliochora ni huu huu uliogoma mbele ya darasa. Nitajuaje kama hii ni akili au ni woga umevaa koti la akili?

Jumanne, 20 Mei

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti karakanani, kwa sababu nisipoandika nitalia. Kufuli la njano liko kwenye swichi ya winchi. Nimelifunga mimi. Ufunguo uko ndani ya soksi.

Nilifika mapema nimweleze fundi, nikamkuta ameshapanda ngazi na mnyororo umeshatoka. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Viti vimepangwa. Msumari kavaa tai! Nilikwenda ukutani, nikazima, nikafunga. Kile kimlio cha kufuli kila mtu alikisikia.

Msumari alidhani natania. Alipoona sitanii akanijia sikioni, akasema nimemuua, kwamba miezi yote ameubeba uoga wangu mgongoni na leo namlipa hivi mbele ya watu. Na kunibeba, kweli alinibeba.

Daktari kaingia, kaliangalia kufuli, kaniangalia mimi. Akauliza kuna kitu nimekiona au kuna kitu nakiogopa. Nikasema vyote viwili. Nikamweleza feni, vumbi, kikomo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nina hakika si feni peke yake. Nikasema sina. Alifumba macho kidogo, akatoka nje kuwaomba wageni wasubiri, kisha akarudi. Wako kwenye veranda, nawasikia wanavyokohoa kistaarabu.

Fundi kasema jambo hili ni la kupima tu, hakuna la kubishana. Ataleta kutoka stoo kipimo cha fezi, kile chenye kisahani cha duara na klipu tatu. Unazibana klipu kwenye nyaya tatu, kisahani kinazunguka. Kikienda kulia, nyaya ziko sawa. Kikienda kushoto, zimebadilishana. Basi, ni hivyo tu.

Msumari kasema atapima yeye, tumalize. Nikashusha pumzi. Fundi akakataa. Kufuli la nani? Aliyefunga ndiye anayepima. Nikamtazama Daktari anisaidie. Daktari akatazama ukutani.

Kwa hiyo ni mimi. Na klipu hazibanwi upande wa chini wa swichi, ule uliozimwa. Zinabanwa upande wa juu, panapoingilia kebo, na pale pana umeme hata swichi ikizimwa, hata kufuli likifungwa. Skrubu tatu. Zimekaa kimya tu, zimezubaa, huwezi kujua. Nimemuuliza fundi kama haiwezekani kuzima umeme wa jengo zima kwanza. Kaniangalia kwa huruma. Umeme ukizimwa, kasema, utapima nini?

Kisahani kikienda kulia, mimi ni Kunguru mbele ya kitivo kizima, mtihani nimefeli, kozi nimehamishwa, na mama ana redio tatu za majirani uani. Kikienda kushoto… Sikuwahi kutamani niwe sahihi na niwe mjinga kwa wakati mmoja. Naogopa. Naiandika kwa sababu sina wa kumwambia: naogopa mpaka kwenye meno.

Msumari kairuka kamba ya fundi. Yuko chini ya injini kabisa, ananyoosha kitambaa cha meza ambacho hakina hata kunyanzi, anapiga mluzi, ili nione kwamba yeye haogopi. Fundi ameshakwenda stoo, hayupo wa kumfukuza. Daktari kamwambia atoke, kajifanya hasikii.

Feni bado inapuliza. Karatasi hii nimeibana kwa kiwiko.

Fundi karudi. Ana kipimo na glavu za mpira ndefu mpaka kwenye viwiko. Kaziweka juu ya kreti, karibu yangu. Kiganja changu cha kulia kinatetemeka mpaka herufi zinapanda na kushuka. Afadhali. Siku ile hata kutetemeka hakikuweza.

Mluzi umekoma. Nimeinua macho. Msumari kakiinua kichwa chake kidogo, anaitazama injini, halafu feni, halafu injini. Kitambaa kimemtoka mkononi. Anatoka pale kinyumenyume, polepole, na hakuna mtu aliyemwambia.

Fundi anasema, haya binti, vaa.