Koili Iliyokaushwa Juu ya Mafiga

Luanshya,
Rhodesia ya Kaskazini,
9 Agosti 1954

Mpwa wangu mpendwa Lusubilo,

Huu ni mwaka wa ishirini na tisa tangu nilipovuka mpaka wa Tunduma kwa miguu, nikiwa na blanketi moja, na viatu nimevitundika begani visije vikaharibika njiani. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu hata barua yako ilianza nayo.

U hali gani, mwanangu? Mama yako, dada yangu Leah, macho yake yanaendeleaje? Na mdogo wako Osea, ule mkono alioupiga kwenye usukani siku lori lenu lilipozama mto Songwe umepona sawasawa? Mimi huku naamka, na kwa umri wangu hiyo ni habari njema. Kifua ndicho kinachonishinda. Kutoka kitandani hadi mlangoni lazima nipumzike katikati. Daktari anasema ni vumbi la mgodini, na vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Nakula kidogo, nasoma sana, na kanisani nakwenda nikipata mtu wa kunishika mkono.

Uliniandikia kwamba lori likiwaka utakuja kunichukua Tunduma na kunishusha hadi mlangoni kwa mama yako. Basi la kunifikisha mpakani lipo, lakini la kushuka bondeni hadi kijijini kwetu Mbangala halipo, nami siwezi tena kutembea. Kwa hiyo unapouliza kama lori litapona, unauliza pia kama nitarudi nyumbani. Nitakujibu yote mawili, kwa utaratibu.

Kifurushi chako kilifika. Roda wa Tunduma alimpa mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, naye akakileta salama. Nilikikata kamba mezani, na kabla sijaona kilichomo nikasikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa makaa ya mawe kama wa huku. Ulikuwa moshi wa kuni za miyombo na maganda ya maharage, moshi wa jikoni kwa dada yangu. Nilikuwa nimefungua dirisha, nikaenda nikalifunga.

Hapo hapo nikajua mlikovikaushia vyombo hivi vya umeme wa lori, koili ya kutolea cheche na kifuniko chake. Mliviweka uchagani, juu ya mafiga, pale inapokaa mbegu ya mahindi isiliwe na fukusi.

Umeniuliza kama fundi, si kama mjomba, basi nisikie kama fundi. Gari likizama, kinachoharibu umeme wake si maji peke yake, ni tope linalobaki maji yakishakauka. Tope la Songwe hushika unyevu, na umeme ukipata unyevu hupita humo humo badala ya kwenda kwenye plagi. Ilitakiwa mvifungue vyombo siku ile ile, mvioshe kwa maji safi, mvifute kwa petroli, kisha mviache kivulini penye upepo hadi mchoke kungoja. Baada ya hapo mngefuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye betri, mkitazama umeme unaishia wapi. Moto wa jikoni hukausha, ni kweli, lakini hutia masizi, na masizi hupitisha umeme. Kwenye kile kifuniko cha kugawia moto wa plagi nimeona kimstari cheusi, chembamba kama unywele, kinatoka katikati hadi ukingoni. Cheche imejichongea njia yake humo, na haitaiacha.

Koili ni mbaya zaidi. Ndani yake nyaya zimezungushiwa lami ili zisigusane. Lami ile imeyeyuka kwa joto, imetiririka na kugandia mdomoni kama gundi ya mti.

Hata hivyo sikutaka kuamini macho ya mzee. Andongwisye, yule kijana wa Tukuyu niliyemfundisha kazi, alinipakia kwenye keria ya baiskeli hadi gereji. Alipoishika koili akaileta puani, akawaita wenzake, ambao wote huniita Tata, yaani baba.

“Jamani, njooni! Tata ameleta paja la nguruwe la kukausha!”

“Ifunge kwenye betri,” nikamwambia. “Utakula baadaye.”

“Na ugali je, Tata? Umekuja na kitoweo kitupu.”

Walicheka, nami nikacheka hadi kifua kikanibana. Kisha akaifunga. Ilitoa cheche moja, fupi, nyekundu kama kipisi cha sigara. Akajaribu tena, na tena. Alizichomoa nyaya za betri mwenyewe, akaifuta ile koili kwa kitambaa kabla ya kunirudishia. “Pole, Tata,” akasema.

Umeuliza pia kwa nini mshale wa petroli unaonyesha tangi limejaa wakati Osea alilikausha kwa mkono wake. Ndani ya tangi kuna boya linaloupelekea mshale habari kwa waya. Kutu ikila mahali waya unaposhikana na chuma, habari haifiki, na mshale wa gari la namna yenu ukikosa habari husimama kwenye kujaa. Huo hauzuii safari. Usiuamini tu, chovya kijiti.

Sasa nakuja kwenye neno gumu. Kutoka gereji tulipita dukani. Koili mpya ipo, na kifuniko kipo. Nilikwisha kuishika koili mkononi, ngumu, safi, haina harufu yoyote. Mawazoni nikaona lori linapanda kutoka mtoni, nikamwona dada yangu mlangoni. Ndipo nikakumbuka mwisho wa barua yako, baada ya habari za mbuzi aliyezaa mapacha, ulipoandika kwamba hendeli ya kuwashia injini haizunguki hata wakiishika wanaume wawili.

Niliirudisha koili juu ya meza ya muuzaji.

Lusubilo, maji yamelala ndani ya silinda tangu Machi. Pistoni zimeshikana na kutu. Hakuna cheche itakayozungusha kitu kilichogandamana hivyo. Nimewahi kuona injini ya namna hiyo ikifunguliwa, kwa mitambo na mafundi ambao Mbangala haina, na ilipofungwa tena haikudumu. Ukitaka kumimina mafuta ya taa na kungoja, mimina, sikukatazi. Ila usiniandikie kila mwezi kwamba bado mnangoja. Matairi na bodi tafutieni mnunuzi kabla jua halijavipasua. Hivi vyombo ulivyotuma sikurudishii, havina kazi tena kwenu. Nimevitia sandukuni na kulifunga.

Uliandika kwamba lori likishindikana, vijana watanibeba kwa machela kutoka barabara kuu. Nawashukuru. Wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza nilibeba machela nikiwa mdogo kuliko Osea. Naujua uzito wa mgonjwa kwenye mteremko, najua bega linavyochubuka, na najua maneno wanayosemeana wabebaji mgonjwa akilala. Sitawabebesha vijana wa dada yangu.

Barua hii usimsomee mama yako yote. Najua bila kuambiwa kwamba ni yeye aliyeviweka vyombo uchagani. Ndivyo mama yetu alivyomfundisha: kitu chenye thamani kikilowa, kipandishe juu ya moto. Kila jioni alipochochea kuni alidhani ananitengenezea njia. Mwambie mto ndio ulioharibu. Naye Osea mwambie aache kujilaumu. Hata dereva mzoefu hupimiwa kina na mto wenyewe.

Nisalimie Roda ukipita Tunduma, na mumewe Danford, na mkeo Elina, na watoto ambao sijawashika mikono. Marehemu mke wangu Enesi amelala huku, na kila Jumapili ninayoweza huwa napita kwake. Mungu aliyewatoa wote wazima katika maji yale awape mavuno na usingizi mzuri.

Ile nyumba mliyoanza kunijengea, iezekeni, mpeni Osea aoe. Mimi sitarudi.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda bila kupunguza,

Amoni Mwampashi