Asije Akawa Kibudu

Rhobi, Baltazari kachinja mbuzi wa utafiti! Mlishaji wetu huyuhuyu, hapa Butiama!

Daktari alimchoma mbuzi ile dawa ya kumkinga na mionzi, akaenda kuwasha mashine. Mbuzi akalegea, akapoa, akaanguka. Baltazari akachomoa kisu.

"Nimemuwahi, asije akawa kibudu." Kibudu, Rhobi! Na alikuwaga anamnyonyesha mwenyewe kwa chupa.

Daktari hakufoka. Alicheka. Akamchoma mbuzi wa pili.

"Usinawe. Mshike huyu, tusubiri kibudu chako."

Naye akalegea, akapoa, akaanguka. Kumbe dawa inashushaga presha tu!

Baltazari kampakata nusu saa nzima, analia, sisi tunaangalia.

Mbuzi kaamka. Kaanza kumlamba mikono, damu ya mwenzake yote, mpaka ikaisha.