Kisima cha Nusu

Alhamisi, 30 Mei

Raundi ya mia tatu na kumi na mbili. Nimeshinda. Hongera zangu.

Kama kuna mtu duniani aliyechoka kushinda, ni mimi. Kazi yangu kwenye mkataba inaitwa mjaribu michezo. Shangazi aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu: mtu mzima, miaka arobaini na mmoja, kaajiriwa kucheza! Angekalia kiti changu wiki moja tu. Mabonde Saba asubuhi, Mabonde Saba mchana, halafu fomu: nini kimekwama, nini kimezima, nini kimetokea pasipo mahali pake. Raundi nne kwa siku. Ukimaliza zako uko huru kuondoka. Mgongo umekuwa ubao.

Leo yamefika majibu ya wachezaji wa nje. Watu ishirini walipewa mchezo wetu wakae nao nyumbani wiki mbili. Bosi alitaka kujua jambo moja tu – wangapi wataurudia bila kuombwa. Kukusanya majibu nikapewa mimi. Kumi na saba wamecheza mara moja au mbili, basi, wakaachana nao. Mwalimu mmoja mstaafu kaandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba ameshinda mara nne kwa njia ile ile, na haoni sababu ya kutafuta njia nyingine.

Nikaiweka karatasi yake chini kabisa ya rundo.

Bosi akasoma, akapiga meza. Ramani! Si anasema kila siku, ramani zinafanana, watu wanazichoka! Fundi Ramani, kijana anayetuchorea milima na mito yote ya mchezo, alikuwa amekaa mita mbili kutoka pale. Kapewa mpaka Ijumaa ijayo. Achore mabonde upya, waje wachezaji watano wapya hapa hapa ofisini, na wasipoomba raundi ya pili atatafutwa mchoraji mwingine. Bosi alisema mbele yetu sote, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Fundi akasema sawa. Sawa tu!

Ramani hazina kosa. Mimi najua. Nimejua tangu Machi.


Ijumaa, 31 Mei

Niandike basi, maana sina wa kumwambia.

Kwenye Mabonde Saba wewe una mabonde matatu, Jirani ana matatu, na la katikati halina mwenyewe. Jirani ndiye adui, anaendeshwa na kompyuta. Akili zake alizitunga Bosi mwenyewe, na anamsifia kama mwanawe wa kwanza. Mnagombea maji, nafaka na mawe. Raundi moja ni saa mbili za jasho. Ukimpa Jirani nafasi anakukausha.

Tarehe kumi na moja Machi nilianza kuchimba kisima mpakani. Mawe yakaniishia. Nikakiacha nusu.

Jirani akaleta jeshi lake lote. Lote! Anapenda maji kuliko uhai. Lakini kisima ambacho hakijakwisha kuchimbwa hakiwezi kutekwa, hakuna aliyelifikiria hilo. Basi wakakizunguka, wakasimama. Mvua ikanyesha, wamesimama. Nikaingia kwao nikachukua bonde la kwanza, la pili, la tatu – wamesimama tu, wanasubiri kiishe. Dakika arobaini, nimeshinda. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilipaswa kujaza fomu pale pale. Ndiyo kazi yenyewe! Lakini wiki ile mama alikuwa ametoka hospitali na goti jipya, na mazoezi yake yalikuwa saa nane mchana, upande wa pili wa mji. Raundi nne za dakika arobaini, saa sita nimeshafunga mkoba. Nikajiambia leo tu, kesho nitaandika. Kesho yake nikajiambia leo tu.

Goti la mama limepona zamani. Mimi nikaendelea. Sina cha kujitetea hapo, nilikuwa nimechoka na njia ya mkato ilikuwa mbele yangu. Fomu zote tangu siku ile: hakuna kasoro. Sahihi yangu chini.


Jumapili, 2 Juni

Mama kapiga ukelele chumbani. Nimekwisha! Kanigeuka! Nikakimbia na mwiko mkononi nikidhani ameanguka. Kumbe yuko kitandani, miguu juu ya mto, na ile tableti yake yenye ufa. Mfalme wa kaskazini kamvunjia mkataba na kumchomea meli.

Huu ni mwaka wa sita anacheza mchezo ule ule wa visiwa. Ulishapitwa na wakati, picha zenyewe kama zimechorwa na mtoto wa chekechea. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamuuliza kikazi: mama, unarudia nini humo? Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anakula. Akasema jana alipeleka meli zote mashariki kwa uroho wake, kajiponza mwenyewe na anajua ni wapi. Leo atapeleka nusu. Na yule wa kaskazini naye hatafanya kama jana, mjanja yule. Halafu: niondokee, unanichelewesha.

Nimesoma makaratasi mangapi ya wataalamu kuhusu kinachomrudisha mchezaji? Mama kamaliza kwa maneno mawili matatu, na maisha yake yote alikuwa mshonaji. Unashindwa, na unauona mkono wako mwenyewe katika kushindwa huko. Unawekewa vitu viwili vizuri, uchukue kimoja, na kile unachoacha kinakuuma. Na wa upande wa pili si sanamu.

Wetu ulikuwa hivyo! Februari niliupenda. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani huku nagombana na Jirani kichwani. Kuna siku niliwanyima nafaka watu wa bonde la juu ili ninunue mawe, wakahamia kwa Jirani, nikashindwa – nikaumwa na jambo hilo siku mbili nzima. Niliwafikiria wale watu wa kuchorwa kuliko nilivyomfikiria shangazi. Tangu Machi sijashindwa hata mara moja, na sijafurahi hata mara moja.


Jumatatu, 3 Juni

Fundi kaniletea ramani ya kwanza. Mto umekata katikati, mpakani kaweka kinamasi chenye matete. Kizuri jamani! Dada, hii je? akauliza.

Nimeamua kucheza kwa haki. Hakuna kisima. Mikokoteni yangu ikazama kwenye tope, Jirani akanizunguka kwa nyuma, nikapoteza bonde moja, moyo ukanidunda kama wa msichana. Saa mbili zikapita sijui zimepita vipi. Nilishindwa. Nilitabasamu!

Halafu nikaangalia saa. Raundi tatu bado, mgongo unawaka. Nikachimba kisima nusu kando ya matete yake mazuri. Mara tatu.

Nikamwambia ramani ni nzuri. Akauliza: nzuri tu?

Huyu ndiye aliyenipa kiti chake siku nilipoanza kazi, aliponiona nashika kiuno. Mpaka leo anakalia kile cha plastiki.


Jumanne, 4 Juni

Raundi nne. Nimechoka. Sina neno.


Jumatano, 5 Juni

Mama kataka kuuona huo mchezo wa ofisini unaoninunisha. Nikamwekea ramani mpya kwenye kompyuta yangu, nikaenda kufua. Sikumwambia lolote. Nilijipa moyo – huenda ni mimi tu na yule mwalimu, huenda mtu wa kawaida hawezi kukiona.

Sijamaliza hata shuka, naitwa. Mwanangu, hebu njoo uwatazame hawa watu wako, wanaumwa?

Jeshi lote limesimama mpakani. Mama alianza kisima, akaona mawe yanaisha, akayahamishia kwenye ghala. Mshonaji yule, hapotezi kitu. Akamaliza raundi kwa adabu, akashinda, akanirudishia kompyuta kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni. Nikamuuliza utacheza tena? Akasema mzuri, mzuri sana, rangi zake zinapendeza. Akachukua visiwa vyake.

Basi. Hata mama, tena bila kukusudia. Wale watano wa Ijumaa watakiona kabla ya chai.


Alhamisi, 6 Juni

Nilikwenda kazini nimepiga moyo konde. Nimwambie Fundi kwanza, halafu Bosi. Nilipanga na maneno.

Nikamkuta mezani kalala, shavu juu ya kibodi, skrini imejaa herufi moja mistari elfu. Ramani zote saba amemaliza. Saa tano akaja kwenye birika, macho mekundu, akasema polepole bila hata kuulizwa: Dada, mimi nadhani kweli sina kipaji. Nimezitazama mpaka sizioni tena. Sijui wanataka nini.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Bosi akaingia kutafuta kikombe chake, anapiga mluzi, anatueleza jinsi Jirani alivyo mkali safari hii, kamwongezea ukatili kidogo.

Nikajimiminia chai, nikarudi kitini. Mwoga mkubwa mimi! Roho inaniuma na hakuna wa kulaumiwa.


Ijumaa, 7 Juni – mchana, ofisini

Naandika haraka.

Watano walikuja saa tatu. Saa tano na nusu wa mwisho alikuwa anavaa koti. Muuguzi mmoja alishinda kwa dakika hamsini, jeshi limesimama kisimani, akauliza choo kiko wapi, akaenda na mkoba wake na hakurudi kukaa. Raundi ya pili hakuomba hata mmoja. Bosi akamwambia Fundi waonane baada ya chakula.

Fundi akaanza kukusanya kalamu zake. Anaziweka kwenye kopo moja moja, polepole. Nikashindwa kuvumilia. Nikamshika mkono nikamvuta hadi kwenye kiti changu – kiti chake – nikasema kaa, tazama. Nikaanza raundi. Nikachimba, nikaacha nusu. Wakaja.

Mwanzo hakuelewa. Halafu akainamia skrini. Wako kwenye foleni! Dada, hawa wako kwenye foleni ya maji! Akacheka mpaka machozi. Wiki nzima sijamsikia akicheka. Si ramani! Si mimi! Akazunguka meza mara mbili. Akaanza na kuirekebisha kichwani hapo hapo: kisima ambacho hakijakwisha wakifukie, au wakimalizie wenyewe wakiteke, hebu fikiria, unakiacha nusu na adui anakumalizia!

Halafu akauliza, bado anacheka: umekiona leo?

Machi, nikasema.

Kicheko kikaisha. Aliniuliza tena nikarudia, tarehe kumi na moja. Nikamweleza na goti la mama, na kwamba goti lilipona nikaendelea. Akaenda dirishani. Akaosha kikombe chake, akakikausha vizuri kabisa, ndani na nje. Afadhali angenitukana.

Ndipo Bosi akaingia na mkate mkononi. Kabla sijameza mate Fundi akasema: mzee, tumepata tatizo, siyo ramani, ni Jirani. Njoo uone. Tumeligundua sasa hivi.

Tumeligundua sasa hivi!

Bosi akatazama jeshi lake limesimama. Sijawahi kumwona vile, uso ulimlegea kama wa mtu aliyeitwa shuleni kuelezwa habari za mwanawe. Akamtazama Fundi. Akanitazama mimi, kwa muda. Raundi mia tatu na zaidi, akasema, na unaliona leo? Simu yake ikalia. Akaiangalia, akasema nijaze fomu ya kasoro, kila kisanduku, aikute mezani akimaliza kuongea. Akatoka na simu kwenye korido.

Fomu iko mbele yangu. Maelezo nimejaza, ni mistari minne tu. Imebaki tarehe ya kugunduliwa. Nimeandika 11 Machi.

Fundi kaona. Kaweka mkono wake wote juu ya kibodi, kiganja kimetanda, herufi zinajiandika zenyewe. Ananong'ona. Dada, atakufukuza leo hii. Mimi nimekukasirikia, tena sana, tutaongea siku nyingine. Lakini andika leo. Nimeshamwambia leo – unataka nionekane mwongo?

Nimemwambia nitasema alikuwa hajui. Anatikisa kichwa. Ananiuliza naandika nini hapa gotini wakati huu, si nina wazimu.

Bosi anaaga kwenye simu. Haya, haya, tutaongea. Viatu vinageuka.

Nimemwomba Fundi aondoe mkono. Hajauondoa.