Klakson Mbili Mbele ya Kuondoka

Jumatatu, 3 Novemba

Karatasi tena. Siku nzima niko napanga karatasi ku bureau ya mine, kule mugodini. Kule nje bene zinapita, zile camion kubwa za kubeba majiwe, na mi nasikia kila moja. Klakson moja: mashine inawaka. Mbili: inaenda mbele. Tatu: inarudi nyuma. Roho inaniuma. Mi ni shofere, mi si mutu wa karatasi.

Tangu bene yangu iliteleza na mvua ku muteremko wa karyeri, ile shimo kubwa ya kuchimba, muguu yangu imekataa. Hakuna mutu aliumia, aksanti Mungu. Gari ilisimama ku ukuta wa udongo. Lakini sasa nikiona tu kona, muguu inaruka juu ya freni, ile pedale ya kusimamisha, na inabaki pale, ngumu sawa chuma. Mikono inalowa jasho. Tata Kalenga, mwenye kufundisha bashofere, alisema wazi: mwisho wa mwezi atanipima ku mashine ya mazoezi, ile ya ecran, gari ya picha tu ku kioo, na mvua ndani. Nikishindwa, bene kwaheri. Nitabaki ku karatasi.

Narudi nyumbani, nakuta Mama ameweka bitunguu byake bya soko ndani ya kofia yangu ya kazi. Eti kofia iko tu inalala. Nilikasirika mpaka sikula.

Jumatano, 5 Novemba

Trésor, mudogo yangu, iko na salle, chumba ya michezo, karibu na soko. Kule kuko mashindano ya gari ya ku ecran, lakini si ya kubonyeza tu na kidole. Usukani inakuvuta mukono kweli. Pedale za chuma. Kiti alitoa ku taxi iliyokufa, akaiunga na chuma. Alinisumbua siku mingi, mi dada yake mukubwa: “Yaya Ngalula, kuja ujaribu. Kule kugonga ni bure.”

Nikaenda leo. Nilicheka. Mi naendeshaka gari yenye kimo cha nyumba, kagari kama haka katanishinda?

Kalinishinda. Nilichagua gari yenye kukimbia kupita zote, juu ya kiburi. Kona ya kwanza, majani. Kona ya pili, ukuta. Trésor alicheka mpaka akakaa chini. Haya gani hii! Natoka pale na hasira, lakini njia yote kichwa iko inaendesha.

Alhamisi, 6 Novemba

Niandike bile Trésor alinifundisha, juu nasahaulaka.

Kiti kwanza. Jana nilikaa mbali, muguu ilikuwa inatafuta pedale sawa kipofu. Magoti ibakie imekunjika kidogo. Halafu nguvu ya usukani, ipunguze. Mwanzo batu banaweka yote eti bajisikie banaume, kisha mikono inachoka na hawajifunze kitu. Gari ndogo, ya pole. Njia moja tu, ile ile, mpaka uijue sawa njia ya choo. Ile misaada ya mashine, yenye kushika gari isiteleze, iache iwake kwanza. Si kitu cha kuonea haya. Utaitoa kidogo kidogo.

Na freni: funga mbele ya kona, gari ingali sawasawa. Achilia. Kisha njo ukate kona. Macho ikuwe mbali, pale unataka kufika, si pale unaogopa.

Kuachilia. Njo pale nashindwa. Najua kufunga, kuachilia sijue.

Jumamosi, 8 Novemba

Salle ilijaa. Trésor akaniingiza mu mashindano na bavijana ba kartié, ba mutaa yetu. Taa ikakuwa kijani. Benzangu bote bakaruka. Mi nikapiga klakson mbili, nikangojea kidogo, nikaondoka. Weh! Salle nzima ilianguka na kicheko. Mukono ilifanya yenyewe, njo desturi ya mine. Hauwezi kusogeza gari bila kuonya batu.

Haikuisha. Gari moja ikakuja nyuma yangu na nguvu. Mi nikajiweka pembeni, nikamupisha vizuri, juu mu karyeri mwenye kubeba muzigo anapitaka wa kwanza. Trésor alishika kichwa: “Yaya, huyu hakubeba kitu! Muzuie!”

Nikakuwa wa mwisho. Lakini sikugonga hata mara moja. Ile kijana ya kwanza aligonga kila fasi, akashinda tu. Sijue kama ni vizuri ao mubaya. Nilifurahi kidogo, niseme kweli.

Jumatano, 12 Novemba

Trésor aliweka mvua. Hakuniuliza.

Niliona maji ku ecran, ile fimbo ya kufagia kioo inaenda na kurudi, na ghafla nilikuwa tena ku muteremko. Muguu ikaruka. Gari ikateleza moja kwa moja, usukani haina kazi. Mikono ililowa mpaka nikapangusa ku kikwembe nilichojifunga. Nilisimama, nikamutukana Trésor mbele ya batu. Nilimuita mupumbavu. Kisha courant ya umeme ikakatika na kila mutu akatoka.

Namuonea hasira. Najionea zaidi.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikuenda ku salle. Sikulala vizuri. Sikae fasi moja: nafagia lupango, kiwanja ya nyumba, nafagia tena. Mama iko anachagua bitunguu, ananiangalia. Mwisho akasema: “Mwanangu, karatasi haiuwe mutu.”

Tata yangu alikuwa shofere, alikufiaga ku barabara ya Fungurume, tungali badogo. Naelewa Mama anaogopa nini. Lakini kama nakubali, nitasikia zile klakson kila siku mpaka nizeeke, nikiwa nyuma ya dirisha. Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilienda asubuhi, mbele ya salle kufunguliwa. Nikamuomba Trésor musamaha. Akasema, “Ingia, yaya.” Tu vile.

Nikamwambia aweke mvua.

Niliteleza. Nikateleza tena. Ukuta, majani, ukuta. Trésor alikaa pembeni, anakula mikate, kila mara anasema kitu kimoja: “Achilia.” Mi najibu nimeachilia. Ye anasema hapana, angalia muguu. Nikaangalia. Muguu ilikuwa ingali juu ya freni, na mi nilikuwa sijue.

Basi nikatoa kiatu. Na muguu mutupu unasikia pedale yote. Nikafunga mbele ya kona, pole. Nikaachilia. Tairi zikashika. Zilishika! Gari ikapita kona sawa mutu anayegeuka kitandani.

Nililia. Trésor alijifanya anatengeneza waya.

Jumatano, 26 Novemba

Kila siku baada ya kazi, mvua. Nimeisha kutoa misaada ya mashine. Leo nilipita bavijana bote, hata yule mwenye kugonga. Nakata kona ndani kabisa, natumia barabara yote, kushoto mpaka kuume. Utamu gani! Kesho kutwa ni Tata Kalenga. Sina woga. Roho inanisumbua kidogo, juu ya huko kukosa woga.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeshindwa.

Mvua ilikuwa ku ecran, muteremko ule ule. Klakson mbili. Nikashuka. Muguu ilifunga, ikaachilia, ikafunga. Bene ilishuka sawa maji. Nikafika ku kona kubwa nikaona njia ya mashindano, wazi mbele ya macho, nikaikata ndani.

Ndani ya mine tunatembeaka kushoto. Ile ndani ilikuwa njia ya benye kupanda na muzigo. Bene moja ilikuwa inapanda, inakuja usoni mwangu.

Tata Kalenga alizima mashine. Nilingojea matusi. Akasema: “Ngalula, muguu imepona. Sasa kichwa njo iko na ugonjwa. Nani alikufundisha kukimbiza majiwe?”

Nikamwambia yote, salle, Trésor, mashindano. Alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaacha kucheka. “Ungeua mutu. Rudia Jumanne. Hakutakuwa mara ya tatu.”

Nina haya. Nina woga tena, lakini woga ya akili sasa, si ya muguu.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya misa, salle. Mvua. Kushoto tu, pole, nafasi mbele yangu, napisha kila mutu. Bavijana banalalamika: “Mama, unazuia barabara!” Bapige kelele. Trésor alibafukuza bote.

Jumanne, 2 Desemba

Nimepita.

Tata Kalenga hakusema kitu mingi. Alinipa mukono. Ku kona kubwa nilibaki kushoto, na ile bene ya muzigo ikapanda pembeni yangu, tukapishana.

Nyumbani nikasema: “Mama, narudi ku bene Alhamisi.” Alienda jikoni.

Alhamisi, 4 Desemba

Asubuhi nilikuta kofia juu ya meza, Mama ameiosha. Bitunguu biko mu beseni. Ye mwenyewe ameisha kuenda ku soko.

Mvua ilinyesha tangu saa nne. Klakson mbili, nikashuka. Mikono ilikuwa mikavu. Kazi ilienda vizuri.

Kofia ingali inanuka bitunguu. Niliivaa siku nzima.