Dirisha Kwenye Nyumba ya Fuko

KAMATI YA MABOKSI YA MAKAZI YA WANYAMA
Kikao cha dharura, Jumamosi mchana, meza ya jikoni (ya sebuleni bado ina gundi)

WALIOHUDHURIA
Baba, seremala – Mwenyekiti, kwa kujiteua
Mama – Mtunza Vifaa
Dada Mkubwa – mwenye boksi la twiga
Kitindamimba – mwenye boksi la fuko, mlalamikaji
Shangazi – Katibu

HAKUHUDHURIA
Babu. Alikuwa kitini, ila usingizi ulimzidi nguvu.

KUMB. NA. 1/2: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba maonyesho ni kesho barazani na majirani wamekwishaalikwa. Alisema mambo yanakwenda vizuri. Kitindamimba aligeuza kiti, akakipa kikao mgongo.

KUMB. NA. 2/2: YATOKANAYO
Mtunza Vifaa alieleza kwamba nyasi za twiga zilichomolewa kwenye ufagio wake, ambao sasa ni fimbo. Dada Mkubwa alijibu kwamba aliomba. Mtunza Vifaa alisema kuomba ukiwa umeshachomoa si kuomba, ni kuaga. Hoja ilifungwa.

KUMB. NA. 3/2: DIRISHA
Ilielezwa kwamba Kitindamimba alijenga makazi ya fuko ndani ya boksi la viatu kwa wiki nzima: mahandaki ya roli tupu za karatasi za chooni, ghala la mizizi, chumba cha kulala chenye pamba, na fuko wa udongo ndani yake. Kisha akalifunga lote kwa gundi, akaacha tundu moja ubavuni. Leo asubuhi, mtoto akiwa anaoga, Mwenyekiti alitoboa dirisha mbele na kulitia fremu ya mbao. Fremu ni nzuri. Katibu anaandika hilo kwa haki.

Mwenyekiti alijitetea: "Boksi limefungwa, watu wataangalia nini? Watadhani tumewaletea viatu."

Kitindamimba, bila kugeuka: "Fuko anakaa gizani, Baba. Akiona mwanga anajua nyumba imebomolewa. Umembomolea." Aliongeza kwamba kesho boksi lake halitoki.

"Mwanangu, mimi ni fundi."

"Wa vitanda."

Mtunza Vifaa aliuliza wageni wangemwonaje fuko. Mtoto alijibu kwamba haonwi, anapapaswa: mgeni anaingiza mkono tunduni, anamtafuta. Babu, akiwa amefumba macho, alisema hilo nalo neno. Kauli yake haikupokelewa, kwa kuwa hakuwepo.

KUMB. NA. 4/2: MAAZIMIO
Baada ya kukohoa kwa muda, Mwenyekiti alikiri kwamba aliingilia kazi ya mtu bila hodi. Iliazimiwa fremu ing'olewe na dirisha lizibwe. Azibe Kitindamimba, Mwenyekiti ashike chupa ya gundi na asiguse kingine.

Kazi ilifanyika papo hapo. Kitindamimba aligeuza kiti kuelekea mezani, akasema boksi litatoka, kwa sharti moja: Baba awe wa kwanza kumtafuta fuko.

Mwenyekiti aliingiza mkono. Ulipita kwa shida; tundu halikupimwa kwa seremala. Alipapasa ghala, akapapasa pamba, akatabasamu. "Nimempata."

"Basi mwachie, Baba, utoe mkono."

Alikataa kumwachia. Alipojaribu kuuvuta mkono akiwa amekunja ngumi, mtoto alimzuia: gundi mbichi, nyumba itabomoka mara ya pili.

KUMB. NA. 5/2: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa nane na nusu. Wajumbe walitawanyika, isipokuwa mmoja.

Katibu: (sahihi) Shangazi
Mwenyekiti: (sahihi) Baba, kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado ni mgeni wa fuko.