Chai ya Kupeleka Gerezani

La Rochelle,
Johannesburg.
3 Februari 1998

Mpendwa Dada Zabibu,

Shikamoo, dada yangu. Nisamehe kwanza, halafu ndiyo usome. Barua zako zote mbili zilinifikia na sikujibu hata moja. Ramadhani imeingia na kutoka, Idi imepita, na wewe bado unamuuliza mwenye duka la simu kama kuna neno lolote la Chiku. Si kwamba nilikusahau. Kila nikikaa kuandika, Pandu anaamka, na asipoamka yeye, kalamu ndiyo inakataa, maana nilikuwa sijui nianzie wapi. Leo mtoto kalala, Thandeka yuko shule, nami nimeapa sinyanyuki hapa mpaka niimalize.

Hamjambo huko Kivinje? Miguu ya Baba inaendeleaje? Na Bibi, bado anatafuna tambuu yake na kugombana na kuku wa jirani? Sisi huku miili ni mizima. Pandu anaota meno na ananing'ata kama ananidai. Thandeka amerefuka, sketi ya shule ya mwaka jana imekuwa ya kwenda kulalia.

Naanza na hili ili usisome roho ikiwa juu: Sipho hayuko gerezani. Hajapata kuwa gerezani. Najua Filbert, yule kijana wa Lindi anayeleta vinyago kuuza huku, alipokuja huko Desemba aliwaambia mume wangu amefungwa. Umeniandikia kwamba Baba alisomesha dua, na kwamba mnachanga nauli nirudi na watoto. Filbert hakusema uongo. Alisema alichokisikia kwangu. Aliyekosea ni mimi, na namna nilivyokosea ndiyo habari yenyewe.

Dona Lurdes, mama mwenye nyumba, nilishakutajia. Ni Mreno mzee, mjane, wa kisiwa chao kinaitwa Madeira, anavaa nyeusi tangu mumewe afe. Sisi tumepanga chumba cha uani. Kiingereza chake ni cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo miezi ya mwanzo tuliishi kwa ishara na kuchekeana. Mpaka siku moja tunaanua nguo, akashika mfuko wa mto, akasema kitu nikasikia "foronya". Nikashika na mimi, nikasema foronya. Alishangaa huyo! Akanivuta jikoni, akapiga meza, nikasema meza. Akainua kopo, nikasema kopo. Akajivuta kitambaa cha kichwani, nikamwambia hiyo ni leso. Tulicheka mpaka akanikumbatia. Tangu siku ile nikajiona najua Kireno, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Siku hizo hizo shuleni kwa Thandeka walikuwa wanasomeshwa habari za Wareno na meli zao, kwa kuwa ilikuwa inatimia miaka mia tano tangu Vasco da Gama azunguke huku kusini. Kila mtoto achore meli, aandike zilileta nini duniani. Thandeka ananisomea Kiingereza, ananifasiria kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akikwama anatia Kizulu. Akaniambia mahindi yaliletwa na Wareno kutoka Amerika. Nikavumilia. Akaniambia na mihogo pia. Hapo nikasema eish, huyo mwalimu sasa ananionea. Mimi kila siku namlazimisha mtoto ale mhogo nikimwambia ndicho chakula cha mababu zake! Bibi akiyasikia hayo atatupa mchi.

Halafu akasoma kwamba Wareno waliigundua Natal, ndiko kwao Sipho, siku ya Krismasi, wakiwa wanapita tu na meli. Wakaipa jina, wakaendelea na safari. Akaniuliza, kwani wakati huo hakukuwa na watu? Nikamkalisha, nikamsimulia alivyotusimulia Bibi: kwamba Kisiwani palikuwa na mji na msikiti na watu wanaooga na kuvaa, Wareno wakaja na mizinga, wakaingia nyumba hata nyumba, wakabeba walichotaka, wakajenga boma lao ufukweni, na mpaka leo pale tunapaita Gereza. Nikamwambia aandike maneno yangu: mtu hagundui kitu chenye mwenyewe, anakikuta. Akaandika. Mwalimu akamwekea alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Sipho alipoiona alicheka, akamwambia Thandeka kuwa mama yake angefaa kuwa kamanda kule kambini kwao Morogoro, enzi za kupigania uhuru. Kumbuka hicho kicheko, dada, nitakirudia.

Sasa. Mwisho wa Novemba, siku ya Alhamisi, Sipho akaaga kwamba anaingia lindo, zamu za mfululizo. Ijumaa hakurudi, wala hakupiga simu pale spaza, kiduka cha mtaani, kama kawaida yake. Siku hizo watu walikuwa wanasimamishwa na polisi kwenye robot, taa za barabarani, wanaulizwa vitambulisho, hata mwenye nchi akivaa vibaya anaweza kupakiwa. Sikulala. Jumamosi asubuhi Dona Lurdes akaingia uani, mkoba bado begani, analia. Akanishika mabega, akasema, "Sipho, igreja. Sipho, igreja." Mimi nikasikia gereza. Nikamuuliza, gereza? Akaitikia kwa kichwa, igreja, igreja, akaunganisha mikono yake miwili mbele ya kifua. Ungekuwa wewe ungeona nini? Mimi niliona pingu.

Sikulia. Nilikanda unga. Mfungwa anapelekewa chakula, hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Nikachoma chapati, nikajaza chai ya iliki kwenye ile chupa nyekundu uliyonipa naondoka, Thandeka nikamwacha kwa Dona Lurdes, Pandu nikamfunga mgongoni. Pale kona nikakutana na Filbert na furushi lake la vinyago, nikamwambia Sipho yuko gerezani, nikapita mbio. Ndiyo habari aliyopanda nayo basi kuja kwenu.

Kituo cha polisi cha kwanza hawakuwa naye. Nikaenda cha pili, upande wa Turffontein. Askari wa kaunta akatafuta Sipho, hakuna. Nikamwambia labda ametaja Yusufu, jina alilopewa na Baba siku aliposilimu ili anioe. Akanitazama, akaniuliza kwani huyu mumeo ni watu wangapi? Wenzake wakaangua kicheko. Sikujua kwamba siku nzima ile hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo.

Miguu ikaniishia, nikapita kwa Murielle. Ni Mkongo, msusi, rafiki yangu wa kweli huku, na kabla ya kuja Johannesburg aliishi Luanda. Nikamweleza, nikamwonyesha na mikono ilivyounganishwa. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama Thandeka, weye! Igreja ni kanisa! Bwana yako iko mu kanisa, haiko mu buloko!" Buloko ndiyo jela kwao. Akasema bila shaka babu zetu sisi waliwauliza Wareno jengo hili ni nini, wakaambiwa kanisa, na kwa waliyofanyiwa humo ndani wakaelewa jela. Nami nikacheka, dada. Nilicheka machozi yakanitoka, kwa nafuu. Aliyeacha kwanza kucheka ni yeye. Akaniuliza taratibu, sasa mwanamume aliyesilimu anatafuta nini kanisani Jumamosi, na yule bibi alikuwa analilia nini?

Akafunga saluni, mteja akaondoka amefunga kilemba na matusi juu, tukaenda kanisani Troyeville. Ndiko Dona Lurdes anakopeleka maua kila Jumamosi, kwa sababu ndiko alikofungia ndoa.

Kama umesimama, dada, kaa.

Mlango ulikuwa wazi, wanaimba kwa Kizulu. Mama mmoja mwenye sare ya kanisa akaniona na kapu, akafurahi, akadhani nimeleta chakula cha shughuli. Sijafungua mdomo, chapati na chupa vimeshakwenda ukumbi wa nyuma. Nikaingia mikono mitupu. Kule mbele amesimama Sipho, kavaa suti ambayo sijapata kuipiga pasi. Kando yake mwanamke wa makamo, kofia nyeupe. Nyuma yao kijana mrefu mwenye masikio ya Sipho. Padri anawabariki.

Mimi sikupiga kelele. Aliyepiga ni Pandu, ile sauti yake ya furaha akimwona baba yake. Kanisa zima likageuka. Yule mwanamke akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akamtazama Sipho usoni muda mrefu, kisha akageukia madhabahu. Nikatoka.

Anaitwa Nokuthula. Sipho alimtolea mahari huko kwao Natal akiwa kijana, kabla hajavuka mpaka. Alimwacha na mimba, na ile mimba ndiyo yule kijana. Amemsubiri miaka yote hiyo. Mama yake Sipho ndiye aliyetaka waende kanisani kabla hajafa, na Sipho akachagua Troyeville akiamini ni mbali na mimi. Hakujua habari ya maua, wala kwamba asubuhi ile Dona Lurdes alimkuta kanisani wakijiandaa kwa ndoa ya mchana.

Unakumbuka kule Morogoro, kabla sijamkubali? Wewe ndiye uliyenisukuma nimuulize kama ana mtu kwao. Nilimuuliza. Alinijibu kwamba nyuma yake hakuna kitu, pameungua pote. Na kwao alikuwa anaandika kwamba yuko peke yake uhamishoni. Alipokuja kuomba radhi nilimsikiliza mpaka akamaliza, maana si mtu wa kulia na siku hiyo alilia. Kisha nikamwambia: uliucheka wino mwekundu wa mwalimu, kumbe wewe ndiye fundi wa hiyo kazi ya kufuta watu. Mimi ulinichorea kwenu pwani tupu, na wao ukawachorea mimi sipo. Nikamwambia hatalala tena hapa. Watoto atawaona, ni baba yao na wanampenda, ila aje mchana na apitie mlango wa mbele.

Haya yote ningeweza kukuandikia mwezi wa kumi na mbili. Lililonishinda ni hili linalofuata, kwa sababu nilijua Baba hatalielewa, na mimi mwenyewe bado naligeuzageuza.

Katikati ya Ramadhani Nokuthula alikuja hapa nyumbani. Peke yake. Nilipomwona getini nilijua leo ni leo, na Murielle alikwishanifundisha pa kumshika nywele. Kumbe mkononi ana chupa yangu nyekundu. Akaniuliza kama ni mimi niliyepeleka zile chapati, maana watu waligombania. Nikamwambia zilikuwa za mfungwa. Akafikiri, akacheka kidogo, kwa puani. Hapo ndipo nikamkaribisha ndani.

Thandeka nilimtuma kwa Dona Lurdes, sikutaka mtoto awe mkalimani wa mambo haya. Kizulu changu ni kibovu, yeye Kiswahili hana kabisa. Akamtazama Pandu, akasema, "Ulele?" Nikamwambia ndiyo, amelala. Tukatazamana. Akasema umntwana, nikasema mwana. Inyama, nyama. Ukufa, kufa. Dada, na hayo hayakuletwa na meli ya mtu yeyote. Tuliongea hivyo, kwa kuokota neno moja moja. Chupa hakuirudisha tupu, alitia mahewu, ni togwa yetu hii hii. Nikamwambia nimefunga. Akasema atangoja. Akakaa mpaka magharibi, akanisaidia kumwogesha mtoto, tukafuturu pamoja.

Usidhani tumekuwa mashoga. Aliniambia wazi hamtoi Sipho, amemsubiri mno. Nikamwambia simdai Sipho. Ninachodai ni wanangu wasiwe siri ya mtu. Akasema mama mkwe amesikia kuwa kuna wajukuu na ameuliza majina yao. Pasaka nitawapeleka Natal, mimi mwenyewe, wakaitwe kwa majina yao mbele ya watu wote.

Kwa hiyo mwambie Baba, kwa upole wako, nauli asitume. Mwambie namshukuru na nambusu mikono. Sirudi kwa sasa. Chumba ninacho, Dona Lurdes hajanibadilikia, chapati na mihogo ya kukaanga vinanunuliwa pale saluni kwa Murielle zaidi ya nilivyotegemea. Nachoka, sikufichi, kuna siku navaa kanga nje ndani mpaka jioni. Lakini nikiondoka leo, maneno ya Sipho yatakuwa kweli: kwamba hapa hapakuwa na mtu.

Nisalimie Baba, nisalimie Bibi na kuku wake, wabusu wanao. Filbert akipita usimgombeze. Thandeka anasema sharp, ndiyo salamu yao huku.

Mimi mdogo wako,
Chiku

Ninavyohitaji bado, umpe Filbert akirudi: iliki na mdalasini, ya huku haina harufu. Kofia ya kiua ya Pandu, ya mtoto wa mwaka mmoja, ila kichwa ni kikubwa cha ukoo wetu. Ile picha ya harusi ambayo Baba ameweka mkono begani mwa Sipho, nikamwonyeshe bibi yao wa Natal. Kaseti moja, umrekodi Bibi akisimulia Wareno walivyoikuta Kilwa, tangu mwanzo, asirukeruke, Thandeka anataka kumpelekea mwalimu. Na kanga, mchoro mmoja, rangi moja, maneno yake yasiwe ya vijembe. Doti mbili. Usitume doti moja ukasema tutakata kila mtu kipande. Moja yangu, moja ya Nokuthula, nzima nzima.