Mito Mitatu ya Sufi

Dar es Salaam, 12 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu, na kwamba mjomba Suleiman na wote wa nyumbani Rutamba hawajambo. Mimi sijambo, ila usingizi sina. Nakuandikia kwa sababu simu ya mjomba ni ya kijiji kizima. Akishaiweka spika, hata wapita njia wanaitikia salamu zako.

Unakumbuka ulipolala kwenye ile mashine ya duara nikakushika mguu? Picha zile nimezipima mwenyewe, ndiyo kazi yangu hapa hospitali. Vali ya moyo wako, yaani ule mlango wa damu, imekakamaa kwa chokaa. Mapafu yako hayawezi kuvumilia kupasuliwa kifua, kwa hiyo vali mpya itapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Kabla ya hapo tunauchora moyo wa mgonjwa kwenye kompyuta, tunaiweka vali humo na kutazama damu itapita wapi. Mama, nimejaribu kila saizi. Upande mmoja kuna donge la chokaa, vali haikai sawasawa, na damu inarudi kwa pembeni. Daktari Nikodemo anasema itavuja. Itavuja kiasi gani, hilo hana hakika nalo.

Usipowekewa, hutafika msimu ujao wa korosho. Ukiwekewa, huenda ikavuja kidogo ukaishi nayo miaka, au ikavuja sana. Ikivuja sana, lile pengo linaweza kuzibwa, mradi tuwahi kabla moyo haujachoka. Utajua kwa miguu kuvimba, mkojo kuwa mweusi kama kahawa, na kushindwa kulala kwa mto mmoja. Niahidi kwamba utaniambia. Na uamue wewe, mama, si mjomba.

Mwanao akupendaye,
Kidawa


Rutamba, 21 Novemba

Kwa mwanangu Kidawa,

Marahaba. Sisi huku wazima, mikorosho imebeba, na mjomba wako anagombana na nguruwe pori kama kawaida yake. Pole kwa kukosa usingizi.

Kwa hiyo siku hizi mnapiga ramli kwa umeme. Haya, nimeielewa ramli yenu. Miaka yote nimelala chini ya bati linalovuja, na mvua ikija nasogeza kitanda. Niwekeeni hiyo vali. Nataka kuvuna tena.

Suleiman alitaka kikao cha ukoo. Nimemwambia moyo ni wangu, yeye akae na ukoo. Nikiona dalili hata moja, wewe utajua kabla ya jirani. Nimeahidi.

Mama yako,
Mwanaima


Rutamba, 25 Februari

Mwanangu Kidawa,

Salamu nyingi baada ya safari. Hujambo? Mimi nashukuru Mungu. Nilifika salama kutoka hospitali, na kidonda cha pajani, palipopita vali, kimefunga.

Mjomba wako hakuniuliza, alinifanyia dua ya shukrani. Alichinja mbuzi, watu wakaja hadi kutoka Milola. Sheikh alisoma, kisha wakanikalisha katikati, na Suleiman akanitaka niwaambie watu kwa mdomo wangu kwamba nimepona. Nikasema nimepona. Jirani yetu Veronika alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa na sauti. Sijawahi kumwona Suleiman akifurahi namna ile.

Usiwe na wasiwasi, nalala vizuri. Nimeshona mito mipya ya sufi, sasa ninayo mitatu, na kitanda kimependeza. Ile tarehe ya kurudi kupimwa tuiache kwanza, palizi imenibana.

Mama yako


Dar es Salaam, 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Nakuuliza moja kwa moja, unisamehe. Mito mitatu ya nini?

Umelalia mto mmoja maisha yako yote, ukatufundisha na sisi. Tarehe ya kupimwa imepita. Nimepiga simu mara nyingi na mjomba ananiambia uko shambani, hata siku ambayo nasikia mvua inapiga bati nyuma yake. Nadhani hutaki nisikie unavyohema.

Niambie miguu ikoje. Niambie mkojo una rangi gani. Mama, uliniahidi. Daktari Nikodemo yupo, vifaa vya kuziba vipo, unayekosekana ni wewe tu. Nijibu haraka, nakuomba.

Kidawa wako


Rutamba, 27 Machi

Kidawa,

Salamu. Umeniuliza kama polisi, nami nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Sasa hasira zimekwisha.

Ubwabwa umeshaliwa, mwanangu. Mtu aliyesomewa shukrani akisema ugonjwa uleule umerudi, watu watasema alimdanganya Mungu mbele ya sheikh. Suleiman hatainua uso msikitini. Kanzu ya siku ile alishona mpya, unajua? Kila nikifungua mdomo nimwambie, namkumbuka alivyokuwa akigawa nyama.

Viatu ulivyoninunulia nimevihifadhi. Navaa ndala za mjomba wako, zina nafasi. Mengine usiniulize. Usije na gari la hospitali, utakuwa umenivua nguo mbele ya watu.

Naandika kidogo kidogo. Barua hii nimeianza juzi.

Mama yako


Dar es Salaam, 2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Kwenye bahasha hii kuna barua mbili. Hii isome peke yako, kisha itie motoni. Ile nyingine mpe mjomba aisome kwa sauti, watu wote wasikie.

Ndani yake nimeandika kwamba mgonjwa ni mimi. Nina uvimbe tumboni, nitapasuliwa, na huku sina mtu wa kuniuguza. Hakuna atakayemzuia mama kwenda kumwuguza mwanawe, na hakuna atakayeuliza kuhusu shukrani. Nimejiombea ugonjwa kwa ajili yako, Mungu anisamehe.

Jana wenzangu walipokwenda kula, niliufungua tena moyo wako kwenye kompyuta. Nikatazama damu ikipenya palepale tulipobashiri, inarudi, inarudi, na mimi siwezi kuingiza mkono nikaizuia. Nililia kazini kama mtoto. Naogopa, mama. Panda basi.

Kidawa


Somanga, upande wa Dar, 4 Mei

Mama,

Shikamoo. Mjomba alinipigia juzi akilia. Anasema barua zangu zilikaa mwezi mzima dukani kwa Eusebio, zinakosubiri gari la kijijini, kwa sababu gari halikufika Rutamba kwa tope, na kwamba amekupakia kwenye basi uje uniuguze. Basi halikufika, nikaja mwenyewe. Maji yamekata barabara na minara ya simu imezimika. Leonard huyu anavusha watu kwa kamba. Nimempa karatasi hii aite jina lako kwenye mabasi ya ng'ambo. Kama upo, nijibu nyuma yake.

Kidawa


Somanga

Mwanangu,

Nipo. Marahaba. Tumelala hapa siku mbili ndani ya basi. Mkojo ni mweusi, Kidawa, ni mweusi tangu wiki ile ya shukrani. Miguu haiingii hata kwenye ndala. Mito nimekuja nayo yote na naikalia, maana nikiegemea nazama.

Veronika yuko kiti cha pembeni, anakwenda kwa mwanawe. Amewatangazia abiria kwamba nakwenda kumwuguza binti yangu. Wananionea huruma, wananipa chai. Ninyamaze tu, maji yatapungua.

Mama


Somanga, upande wa Dar

Mama,

Maji hayatapungua leo wala kesho. Leonard anasema wanaobebwa kwanza ni wagonjwa, na wanaokwenda kuuguza wanangoja. Uwongo niliokutungia sasa ndio unaokuzuia. Gari la wagonjwa liko nyuma yangu, lakini haliwezi kuvuka.

Siwezi kulisema hili kwa niaba yako nikiwa huku. Waambie. Mwambie Veronika. Mjomba nitampigia magoti mimi, nitamwambia kosa ni langu na la kompyuta na la donge la chokaa, na kwamba shukrani yake Mungu aliipokea. Akininunia, aninunie, ila wewe uwe hai. Nimevaa kanga yako ya kijani, nimesimama penye mawe.

Mwanao


Somanga

Kidawa mwanangu,

Nimemwambia Veronika. Nilidhani ataniangalia vibaya. Alinishika mguu, akabonyeza kwa kidole, akaliona shimo limebaki. Akaniambia, "Mwanaima, siku ile ya mbuzi nilikuona unavyohema, nikapiga vigelegele ili watu wasisikie." Kisha akasimama mlangoni mwa basi akawaita wanaume.

Mama ntilie ametoa kiti cha plastiki. Nimewaambia wasinilaze, wanibebe nimekaa, kwa sababu kulala siwezi. Hilo nalo nimelisema kwa sauti, basi zima likasikia.

Veronika anakuandikia mistari hii, mkono wangu umechoka. Mito nimemwachia yeye. Kanga naiona. Usisogee hapo.

Mama yako